Gari la Mzee Pien Haliwaki

Mume wangu Tsui alikuwa mtu wa utani kabla hajawa mtu wa kimya, na mimi niliolewa na yule wa kwanza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwetu tulikuwa waanika tambi za mchele, watu wa kuamka alfajiri na kusema machache. Yeye alikuja kununua tambi akiwa na grisi mpaka masikioni, akaniuliza kama tambi zetu zilifeli mtihani wa urubani, maana zinakaa uwanjani kutwa nzima zinangoja upepo na hazipai. Nilicheka nikaangusha chanja zima. Baba akasema, "Huyo atakulisha upepo." Nikamjibu kwamba mji huu una upepo wa kutosha, na bado hatujafa njaa.

Kijiji cha wanajeshi kilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege za kivita. Nyumba zilibanana, kuta za mianzi zimekandikwa udongo, ukikaanga kitunguu saumu jirani anajua umekaanga punje ngapi. Ndege zenyewe tuliziita penseli. Zilikuwa ndefu, zimechongoka mbele, na mabawa yake mafupi kana kwamba fundi aliishiwa kitambaa. Zililetwa Taiwan kwa meli baada ya wenyewe wa ng'ambo kuzitumia na kuzichoka. Zikipaa, vikombe vilitembea mezani. Mara nyingine moja ilipaa ikawa haikurudi, tukapeleka chakula kwenye nyumba fulani, na kesho yake tukapeleka tena. Sitaki kuyasema sana hayo. Ijulikane tu kwamba waliozicheka penseli ndio haohao waliozililia. Mtu wa mjini akija kutuambia ndege zetu ni majeneza, alikuwa anatafuta kupigwa.

Aliyekuwa na kibali cha kuzicheka kuliko wote ni Mzee Pien. Aliuza mikate ya mvuke na maziwa ya soya kwenye lango la kijiji, mtu wa asili ya Shandong, sauti yake inaweza kuamsha kaburi. Uzee wenyewe wakati ule hakuwa nao, aliitwa mzee kwa heshima ya kitambi. Ni yeye peke yake pale kijijini aliyekuwa na gari, sedani ya buluu iliyounganishwa hapahapa kisiwani. Alilinunua kwa ofisa mmoja aliyekuwa anahamia Marekani, na mimi nasema yule ofisa alihama ili asirudishiwe.

Gari lile lilikuwa mtihani. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya vitunguu. Honi ililia yenyewe gari likipinda kulia na haikulia ukiibonyeza. Rejeta ilivuja, kabureta ilikunywa mafuta kama mlevi, na kila asubuhi mafundi wa ndege waliokuja kunywa maziwa ya soya walilazimika kulisukuma kwanza ndipo wauziwe mikate.

"Mzee Pien, leo limewaka?" Tsui alikuwa akiuliza kabla hata ya salamu.

"Liliwaka jana. Leo linapumzika."

"Basi ni ndugu wa penseli yetu. Nayo asubuhi inakohoa, mchana inavuja, jioni mkuu wa kikosi anatangaza kwamba ni nzima kabisa."

"Undugu upo," Pien alijibu huku akifunua mvuke wa mikate. "Ila langu likizima njiani, nashuka naenda zangu kwa miguu. Lenu likizima, mnashuka vipi?"

Watu walicheka mpaka maziwa ya soya yakawatoka puani. Nilikuwepo, nimebeba mtoto mgongoni, nami nilicheka. Hata leo nikifumba macho nausikia ule mvuke na zile sauti, na nikisema nalitamani lango lile kuliko jiko langu jipya la kigae, naomba nisibishiwe.

Sasa, utani huu ulikuwa na kazi. Kule kikosini mkuu alitaka kila asubuhi ndege zote ziwe tayari. Fundi akisema ndege ni mbovu, amemvua mkuu nguo mbele ya wakubwa wake, na atajuta. Kwa hiyo mafundi walijifunza kusema bila kusema. Tsui alikuwa fundi mkuu wa ndege ya Kapteni Kuan. Kila asubuhi Kuan akifika chini ya ndege, amevaa mavazi yake yote, aliuliza mbele ya kila mtu, kama anayetania:

"Fundi, leo gari gani?"

Tsui alijibu jina la gari. Akisema "teksi mpya ya Taipei," ndege iko safi. Akisema "basi la shule," ni nzito lakini itakufikisha. Akisema "lori la taka," inanuka, inapiga kelele, ila haijawahi kukosa kurudi. Na akisema "gari la Mzee Pien," maana yake usiende.

Hapo rubani alitakiwa kupiga chafya. Rubani mwenye mafua haruhusiwi kuruka, masikio yanaweza kumpasukia huko juu, na mafua hayamvunjii mkuu heshima. Marubani wetu walipiga chafya za kila namna. Daktari wa kikosi alidhani ni upepo wa mji wetu. Aliwagawia tangawizi kwa gunia.

Kuan alikuwa bingwa wa chafya. Kijana mrefu, mdomo haukauki maneno, alikula kwetu mara nyingi kuliko kwenye bwalo la maofisa. "Shemeji," alikuwa akiniambia akiwa bado mlangoni, "nimesikia harufu ya nyama nikiwa angani, nimetua kwa dharura." Alimpenda binti wa daktari mmoja wa Taipei, jina lake Su-ching. Baba wa binti hakutaka hata kumwona. Alisema hatamtoa mwanawe awe mjane kabla ya kuwa mama, na mimi, nikiwa mama, sikuweza kumlaumu sana.

Basi ikaja ile wiki. Jumamosi Tsui alishinda chini ya gari la Mzee Pien, nyuma ya duka la mikate. Alirudi na shati jeupe limegeuka ramani. Nilimgombeza.

"Siku yako ya kupumzika unaizika kwenye kaburi la bati?"

"Nimembadilishia mpira wa maji na plagi, na kabureta nimeisafisha," alisema, anajisugua mikono kwa pumba za mchele. "Usinipigie kelele. Nimelitengeneza mara ngapi? Keshokutwa litakuwa limekufa tena."

Jumapili kikosi kizima kilikuwa zamu, hakuna rubani wala fundi wa kutoka nje ya mji. Tsui alilala uwanjani. Jumatatu asubuhi Kuan akaja chini ya ndege, akacheka, akauliza, "Fundi, leo gari gani?" Tsui alikuwa amesikia kitu kwenye injini tangu alfajiri, mluzi mwembamba ambao hakuupenda, na alikuwa amemwambia mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa ameangalia pembeni. Akajibu, "Gari la Mzee Pien."

Kuan alimpiga begani, akapanda ngazi, akafunga mikanda, akaenda.

Injini ilizima ndege ikiwa juu ya bahari, haijafika mbali. Kiti kilimrusha nje akiwa chini mno. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza matopeni ndio waliomvuta, uti wa mgongo umevunjika mahali pawili. Aliishi. Hakuruka tena.

Tume ilikuja, ikauliza: fundi alimwonya rubani? Tsui angesema nini? Kwamba alimwonya kwa jina la gari la muuza mikate? Angewafichua mafundi wote na marubani wote wenye chafya. Akasema hana la kusema. Na Kuan, kitandani hospitalini, alipoulizwa akajibu hakumbuki. Mambo yakaishia hapo. Tsui alizuiliwa kambini kwa muda mrefu, kisha akahamishiwa stoo ya matairi. Kuan akatoka hospitali akitembea ameinama upande, akaoa Su-ching wake, maana rubani asiyeruka hata baba mkwe anamkubali, na wakahamia Taitung, upande wa pili wa milima, kwenye shamba la matopetope. Hakuja kuaga. Hakuandika. Tsui naye hakumfuata.

Na mume wangu akanyamaza. Kuongea aliongea: chumvi iko wapi, mtoto amekula, mvua inakuja. Utani ndio uliokufa. Mwanzoni nilidhani ni huzuni na itapita. Kisha siku moja, tunamenya vitunguu saumu, akasema bila kuniangalia:

"Nilimwambia, A-hsia. Nilimwambia wazi. Kwa nini alipanda?"

Nilikuja kulisikia swali hilo maisha yangu yote. Alikuwa akiligeuza kama ulimi unavyogusa jino bovu. Mara alisema Kuan alikuwa na kiburi cha ujana. Mara alisema Kuan hakumwamini. Na siku alipokuwa chini kabisa alisema lile lililomla hasa: kwamba alitania mno, kila siku, kila kitu, mpaka rafiki yake alipohitaji kusikia ukweli akasikia mzaha. Ndiyo maana aliacha. Mimi nilikuwa nakaa na mtu huyu mezani, nakumbuka chanja langu la tambi lililoanguka, na nilikuwa nalia jikoni. Nasema kweli, nilimchukia Kuan. Nilisema mtu gani huyu, amekula nyama yangu miaka yote ile, anashindwa kutuma hata neno moja?

Miaka ikaenda. Penseli zilistaafu, moja ikawekwa kwenye bustani ya mji watoto waipande. Kijiji kikabomolewa, tukapewa vyumba kwenye maghorofa yaleyale tunayoyaona leo, ambako jirani akikaanga kitunguu hujui kama yuko hai. Lango likawa barabara. Gari la Mzee Pien liliendelea kuoza nyuma ya duka mpaka kuku wakalitagia, halafu siku ya kubomoa likabebwa na winchi, na Pien alisimama kando akipiga saluti. Wote tulicheka isipokuwa Tsui.

Majuzi Pien naye akatutoka, amefikisha umri ambao hata msiba wake ni wa kuvalia nyekundu kidogo, rangi yetu ya furaha. Binti yake Mei-chu, ambaye nimemwosha kamasi kwa mikono yangu, alimfanyia mazishi ya heshima. Kwetu marehemu anachomewa vitu vya karatasi ili avikute huko aendako: nyumba, pesa, watumishi. Mei-chu aliagiza na gari. Lilikuwa kubwa, jeusi, limetengenezwa kwa karatasi na vijiti vya mianzi, lina taa za dhahabu na dereva wa karatasi mwenye glavu nyeupe.

"Baba alisumbuka na lile kopo," alituambia huku akilia. "Huko aendeshwe kwenye kitu cha maana."

Tukasimama uwanjani mbele ya maghorofa. Kuhani akagonga kengele, nyumba ya karatasi ikateketea, watumishi wakateketea, pesa zikaruka majivu mpaka kwenye nguo zilizoanikwa ghorofa ya tatu. Ikafika zamu ya gari. Mjukuu akawasha kiberiti, upepo ukazima. Akawasha tena. Manyunyu ya asubuhi yalikuwa yameilowesha karatasi. Moto ulishika kwenye tairi, ukafikiri kidogo, ukafa. Kuhani akaleta mshumaa. Ukafa. Tulisimama pale wazee wote wa kijiji, tumeshika vijiti vya ubani, tunalitazama lile gari jeusi, na mimi nikaona midomo ya watu inaanza kutetemeka.

"Haliwaki," mjukuu alisema kwa sauti ndogo.

Maskini, hakujua alichosema. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anafuta pua. Mei-chu akawa mwekundu. Hapo sauti ikatoka nyuma kabisa ya watu, sauti ya mzee lakini ileile:

"Lisukumeni basi!"

Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walicheka wakashikana mabega wasianguke. Mei-chu alicheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Ee baba, ee baba." Na mafundi wa zamani, watu wenye magoti ya chuma na shinikizo la damu, wakatoka mmojammoja, wakaweka viganja nyuma ya gari la karatasi. "Moja! Mbili! Haya!" Wakalisukuma mpaka kwenye makaa ya ile nyumba, na hapo likashika, likawaka lote kwa mara moja, dereva na glavu zake.

Tsui alikuwa miongoni mwao. Miguu ilimpeleka yenyewe. Aliponyoosha mgongo, bega lake lilikuwa limegusana na la mzee mrefu aliyeinama upande, ana kofia ya mkulima na ngozi ya jua, mwenye ile sauti.

Hawakusalimiana. Walitazamana kama watu waliokutana kwenye ngazi nyembamba na hakuna anayejua ampishe nani.

Mimi nilikuwa nimeapa siku nikimwona Kuan nitamwambia maneno. Nilimsogelea nikiwa nayo mdomoni. Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeisha.

"Shemeji," akasema, "Su-ching alinitoka mwaka jana. Nimekuja na matopetope, yako garini. Sijui kama bado unayapenda."

Nikamwambia, "Njoo ule."

Chakula cha msiba kilikuwa chini ya turubai, meza za mviringo, supu ya vipira vya nyama na tambi za kwetu. Nikawakalisha pamoja, mimi katikati yao, kwa sababu sikumwamini hata mmoja. Walikula supu. Upepo ukapiga turubai. Nikaona hivihivi watakula mpaka waage, na Tsui atarudi nyumbani na lile swali lake, azikwe nalo. Nikaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Tsui, muulize. La sivyo mimi namuuliza."

Tsui alifuta mdomo.

"Nilikwambia," akasema. "Asubuhi ile. Nilikwambia, na ulinisikia. Kwa nini ulipanda?"

Kuan akageuka polepole, na nikaona uso wake unabadilika, hasira ya zamani inaamka.

"Uliniambia nini? Hebu sema wewe, uliniambia nini?"

"Gari la Mzee Pien!"

"Haya! Gari la Mzee Pien! Ndiyo maana nikapanda!" Kuan alipiga meza, vijiti vya kulia vikaruka. "Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyekaa miaka yote nikijiuliza wewe ulikuwa na nini siku ile. Umesimama mbele yangu, umeniambia ndege ni nzuri kuliko zote, nikapanda nikicheka kama mjinga! Walipokuja wale wa tume nikasema sikumbuki, kwa sababu nilijua una watoto wadogo. Nilikulinda, fundi. Lakini kurudi kukutazama usoni sikuweza."

"Nzuri?" Tsui alisema. "Nzuri kuliko zote? Gari la Mzee Pien?"

"Wewe si ndiye uliyelitengeneza!"

Meza ya pili waliacha kutafuna. Mimi nikaikumbuka ile Jumamosi, shati jeupe, pumba za mchele.

"Kuan," nikamwambia, "wewe ulijuaje kwamba limetengenezwa?"

Akainamisha kichwa. Akatazama upande wa makaa, ambako bado moshi mwembamba ulikuwa unapanda, kama anayeomba ruhusa.

"Tuliapa mimi na Mzee Pien, hakuna kumwambia mtu. Sasa ametangulia. Jumapili ile, tukiwa zamu, nilitoroka. Baba yake Su-ching alikuwa amekubali kunisikiliza, siku hiyo tu, saa hiyo tu. Kwenda na basi ningekamatwa kituoni. Nikamwomba Mzee Pien gari. Akaniambia, 'Una bahati, Tsui amelishika jana, jaribu.' Shemeji, mvua ilikuwa inanyesha ya kupasua mawe. Lile gari lilipanda vilima vyote mpaka Taipei halikukohoa hata mara moja. Honi ililia nilipoibonyeza. Niliwekwa sebuleni na yule daktari, akachungulia dirishani akaniuliza, 'Gari ni lako?' Nikasema ni la ndugu yangu. Akasema mtu mwenye ndugu wanaotunza vitu vyao hivi huenda naye atatunza mke. Akanikubalia. Nilirudi kabla ya giza nikiwa naimba. Jumatatu nikakuuliza leo gari gani, ukaniambia gari la Mzee Pien. Nikajua Mzee Pien ameshindwa kunyamaza, amekwambia yote, na unanipa hongera."

Tsui aliweka kijiko chini.

"Sikujua," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie kuisikia. "Sikulijua gari lile likiwa zima. Sikuliona. Siku ya Jumatatu walinizuia, na nilipotoka lilikuwa limekufa kama kawaida."

"Lilikufa Jumatatu hiyohiyo," Kuan akasema. "Mzee Pien aliniandikia hospitalini. Alisema limekataa kuwaka tangu aliposikia mlio wa king'ora."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Katika maisha yake yote gari lile lilikuwa zima siku moja. Siku moja tu, na ni mume wangu aliyelifanya liwe zima, kwa mikono yake, kwa wema wake, na ndiyo siku iliyowapotezea neno lao. Hakuna aliyekuwa na kiburi. Hakuna aliyedharau. Nilitaka kumlaumu mtu, nikawatazama hawa wawili na vichwa vyao vyenye madoa ya uzee, nikakosa wa kumlaumu.

Tsui alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa analia, ndiyo, lakini kulikuwa na kingine kinapanda kutoka tumboni, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa na nywele nyeusi.

"Kwa hiyo," alisema, anashindwa kupumua, "kosa langu... kosa langu ni kwamba nilitengeneza vizuri."

"Mara moja!" Kuan akapiga kelele. "Mara moja katika maisha, na bila kutoa taarifa!"

Walicheka mpaka Mei-chu akaja kutazama kuna nini. Walicheka wakiwa wameshikana nguo, machozi yanadondokea kwenye supu, na mimi nikawafokea wote wawili, kwamba wameniharibia ujana wangu kwa ajili ya plagi na mpira wa maji, halafu nikajikuta nami nacheka, na nalia, na sijali nani ananitazama.

Jua lilipoanza kulala, Kuan akasema lazima aende, njia ya kuvuka milima ni ndefu na matopetope mengine yanamngoja. Tulimsindikiza kwenye gari lake, pikapu ya shamba, kuukuu lakini safi. Alinishushia kasha zima. Akaingia, akawasha. Ikawaka mara moja. Hata mimi, binti wa tambi, nilisikia kwamba injini ile haikuwa na neno.

Tsui akaenda mbele, akafungua boneti bila kuombwa. Aliinama mle ndani kwa muda, ametega sikio, kama zamani. Kuan akatoa kichwa dirishani. Hakuwa anatabasamu tena.

"Fundi," akauliza, "leo gari gani?"

Tsui alifunga boneti taratibu. Akaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Bovu," akasema. "Bovu kabisa. Usiende nalo, Kuan. Lala kwetu."

Injini iliendelea kunguruma, laini, haina hata mkwaruzo. Kuan alimtazama mume wangu. Kisha akazima ufunguo, akakunja uso, akapiga chafya kubwa ya uongo iliyowashtua njiwa kwenye waya.

"Mafua, shemeji," akaniambia huku anashuka, anajifuta macho. "Masikio yameziba."

Nikawaacha pale, nikapanda juu kutandika kitanda.